Kabla ya kumeza unga wa viungo, tuulize umetoka kwa mnyama gani

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu msomaji, wiki chache zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja tunayeswali naye safu moja alinivuta pembeni akatoa mfukoni kopo la unga mweupe. Magoti yamemsumbua kwa miaka mingi, hata sasa anaswali akiwa ameketi kwenye kiti. Binti yake anayeishi ng'ambo alimtumia kopo lile kwa mapenzi, na juu yake iliandikwa kuwa ni kolajeni ya kuimarisha viungo. Mzee hakuniuliza kama unga ule unaponya. Aliniuliza, "Mwanangu, hiki kimetoka kwa mnyama gani?" Nikasoma maandishi yote, mbele na nyuma, nisione jina la mnyama yeyote. Na mzee alikuwa amekwishakunywa nusu ya kopo.

Swali lile ni la haki, na ni la wengi. Vitu hivi vimeenea madukani, na wazee wetu wanaletewa na watoto wao bila ya yeyote kuuliza. Inafaa basi tuelewe ni kitu gani, kinafanya nini, na kama kipo kinachoweza kushika nafasi yake bila ya shaka.

Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini mwa mwanadamu na wanyama. Ndiyo inayoipa ngozi, mifupa, kano na gegedu za viungo nguvu yake. Mifupa na ngozi vikichemshwa muda mrefu, kolajeni hulegea na kuwa jelatini. Aliyewahi kupika makongoro akaacha sufuria ilale hadi asubuhi ameiona kwa macho yake, kwani supu huganda na kutetemeka. Unga wa kolajeni unaouzwa makoponi ni jelatini hiyo hiyo iliyokatwakatwa zaidi kiwandani ili iyeyuke hata katika maji baridi na isigande.

Glaisini nayo ni moja ya asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini. Ndiyo ndogo kuliko zote, na ina ladha tamu. Mwanakemia wa Ufaransa, Henri Braconnot, aliipata mwaka 1820 alipoichemsha jelatini pamoja na asidi ya salfuri. Katika mnyororo wa kolajeni, kila nafasi ya tatu hukaliwa na glaisini. Kwa idadi ni theluthi moja ya matofali yote, lakini kwa kuwa ni nyepesi, kwa uzito ni kama robo tu au pungufu kidogo. Anayekunywa gramu 10 za kolajeni hupata glaisini isiyofika gramu 3.

Sasa tutazame athari zake. Wengi hudhani kuwa kolajeni wanayokunywa husafiri moja kwa moja hadi gotini na kuziba palipochakaa. Sivyo. Tumbo huivunja kama linavyovunja nyama na maharage, na kinachoingia katika damu ni asidi amino pamoja na vipande vifupi vya matofali mawili au matatu. Vipande hivyo ndivyo wanavyovitegemea watetezi wa kolajeni, kwa hoja kwamba huzichochea seli za ngozi na gegedu kufanya kazi. Hoja hiyo ina mashiko kiasi, maana vipande hivyo vimepimwa katika damu ya watu na kuonekana, na glaisini peke yake haina.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani na Australia walichapisha jaribio lililoonyesha kuwa gramu 15 za jelatini pamoja na vitamini C, zikinywewa saa moja kabla ya kuruka kamba, ziliongeza katika damu alama ya utengenezaji wa kolajeni. Ila waliojaribiwa walikuwa vijana 8 wenye afya. Hawakuwa wazee wenye magoti mabovu, na jelatini haikulinganishwa na glaisini. Kuhusu maumivu ya magoti, baadhi ya tafiti zimeonyesha nafuu ya wastani, lakini nyingi zimegharimiwa na wauzaji wenyewe. Kuhusu ngozi, uchambuzi wa majaribio 23 uliochapishwa mwaka 2025 ulibainisha kuwa majaribio yasiyogharimiwa na makampuni hayakuonyesha faida. Mwenye akili huuliza ni nani aliyemlipa shahidi.

Glaisini kwa upande wake ina ushahidi wa namna nyingine. Majaribio madogo yaliyofanywa Japani, yaliyochapishwa mwaka 2006 na 2007, yaliwapa watu wenye usingizi mbaya gramu 3 kabla ya kulala, nao wakasema wameamka na uchovu pungufu. Mwili pia huitumia glaisini kutengeneza kolajeni yake wenyewe, chembe nyekundu za damu, na glutathaioni inayozikinga seli. Lakini kusema kwamba imethibitika kuponya magoti ni kuipa sifa isiyo yake.

Kila kimoja kina tahadhari yake. Kolajeni na jelatini zina asidi amino nyingine iitwayo haidroksiprolini, ambayo mwili huigeuza sehemu yake kuwa oksaleti, na oksaleti ni mali ghafi ya mawe ya figo. Aliyewahi kuugua mawe hayo asinywe vijiko kwa vijiko bila ya kumuuliza daktari. Tena jelatini haina triptofani, asidi amino ya lazima, kwa hiyo haiwezi kusimama badala ya samaki, mayai au maharage. Glaisini nayo yaweza kupunguza nguvu ya klozapini, dawa ya maradhi ya akili, hivyo anayeitumia asiiguse bila ya ushauri wa daktari wake.

Turudi sasa kwenye swali la mzee. Jelatini nyingi ya Ulaya hutokana na ngozi ya nguruwe. Nyingine hutokana na ng'ombe, na hapo nako yafaa kuuliza amechinjwa vipi, maana mzoga wa ng'ombe nao ni haramu. Uharamu wa mzoga na wa nguruwe umetajwa wazi katika Suratul Baqarah, aya ya 173, na katika Suratul Maidah, aya ya 3, wala hakuna Mwislamu anayeubishia.

Wanavyuoni wa zama zetu wamehitilafiana kuhusu jelatini kwa sababu ya kanuni ya istihala, yaani kitu najisi kugeuka umbile na kuwa kitu kingine, kama khamri inavyogeuka siki. Kongamano la fiqhi ya tiba lililofanyika Kuwait mwaka 1995 liliona kuwa jelatini imekwishageuka, hivyo ni tohara na inaruhusiwa. Kabla ya hapo, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliamua kuwa si halali kwa Mwislamu kutumia katika chakula jelatini ya nguruwe, kwa kuwa zipo nyingine zitokanazo na mimea au wanyama waliochinjwa kisheria. Sisi wa pwani hii ya Afrika Mashariki, ambao wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, tunajua kuwa madhehebu hayo yanaibana sana istihala, hata ngozi ya nguruwe ikidibaghiwa haitohariki.

Wapo watakaosema, "Lakini huyu ni mgonjwa, na dharura huhalalisha." Ni kweli kuwa dharura ina hukumu yake. Lakini dharura husimama pale ambapo njia nyingine imekosekana, na dawa yenyewe ina manufaa yanayojulikana. Hapa hakuna hata sharti moja lililotimia. Manufaa yenyewe ni ya kubahatisha, na njia nyingine zipo tele.

Na hapa ndipo glaisini inapokuwa na uzito katika mjadala huu. Ile iuzwayo leo kwa kawaida hutengenezwa kiwandani kwa kuunganisha kemikali, kama asidi ya kloroasetiki na amonia, pasipo mfupa wala ngozi ya mnyama. Anayetaka glaisini iliyomo ndani ya kolajeni anaweza kuipata peke yake, bila ya shaka ya mnyama. Nawahadharisha jambo moja tu: wakati mwingine glaisini hutiwa ndani ya kapsuli ambayo ganda lake lenyewe ni la jelatini. Bora kununua iliyo unga, au yenye ganda la mimea. Anayetaka kolajeni yenyewe, basi ipo ya samaki, ambaye hahitaji kuchinjwa, na ipo ya ng'ombe yenye cheti cha halali kutoka taasisi inayojulikana. Wala tusidanganywe na "kolajeni ya mimea", kwani mimea haina kolajeni.

Na maoni yangu ni kwamba kabla ya makopo yote hayo, ipo sufuria. Makongoro ya ng'ombe aliyechinjwa mbele yetu kwa jina la Allah yana jelatini na glaisini ndani yake, na familia nzima hunywa. Tukiongezea ndimu na mboga tunapata vitamini C. Mguu wa mgonjwa unahitaji pia mazoezi mepesi na kupunguza uzito, mambo ambayo madaktari wa viungo huyatanguliza.

Nilimwambia mzee yule asihuzunike kwa aliyoyanywa bila ya kujua, wala asimlaumu binti yake, kwani nia yake ilikuwa wema. Lililobaki alisimamishe mpaka binti amuulize muuzaji asili yake, na asipopata jibu, aliache. Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa kati ya halali iliyo wazi na haramu iliyo wazi yapo mambo yenye kutatiza, na mwenye kuyaepuka ameisalimisha dini yake na heshima yake. Ijumaa iliyofuata mzee alikuja na habari kwamba mkewe amempikia supu. Magoti bado yanamuuma, na bado anaswali kwenye kiti, lakini alisema moyo wake umetulia.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awarehemu wazee wetu, na aturuzuku kilicho halali na kizuri. Amin.