Ipe AI kazi, lakini sahihi ni yako

Neno boda boda lilizaliwa hapa kwetu. Wazee wa Busia na Malaba watakusimulia jinsi vijana wa miaka ya 1960 walivyobeba abiria na mizigo kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita wateja "boda, boda!" Baiskeli zilitoka ng'ambo, lakini njia, bei na wateja walivijua wao.

Leo kuna chombo kingine kimetoka ng'ambo, na pengine unacho mfukoni sasa hivi: akili mnemba, au AI kama wengi wetu tunavyoiita. Mwenye saiba ya kuchapisha mabango anaweza kuitumia. Karani wa ofisi ya forodha, dada anayeuza mitumba kwa WhatsApp, msee wa vichekesho TikTok, wote wanaweza. Mimi msimamo wangu ni kwamba uitumie, tena sana. Lakini usiikabidhi kile unachokijua kuhusu mpaka huu, na usiikabidhi jina lako.

Tuanze na kazi za ubunifu. Ukiiambia AI, "Niandikie tangazo la duka la mitumba," itakuletea maneno matamu yasiyo na mwenyewe: ubora wa hali ya juu, bei nafuu, karibuni nyote. Ukilibandika hivyo, tangazo la Busia na la Mombasa litakuwa moja.

Sasa jaribu hivi: "Niandikie tangazo la sentensi nne kwa Kiswahili cha mtaani. Nauza jinzi za wanaume. Nafungua robota jipya Jumanne saa moja asubuhi. Wateja wangu ni madereva wa trela wanaosubiri kuvuka Malaba, hawana muda wa kuzunguka. Bei inaanzia shilingi 300. Usitumie neno ubora." Programu ni ile ile, ila mara hii umeilisha unachokijua. Ikikuletea jibu, usilichukue zima zima. Omba matoleo matatu, chagua moja, kisha lisome kwa sauti. Neno ambalo wewe mwenyewe huwezi kulitamka mbele ya mteja, lifute.

Kuhusu lugha, kaa macho. Kiswahili mashine inakijua kiasi kwa sababu kimeandikwa sana mtandaoni. Kiteso, Kikhayo na Kisamia vimeandikwa kidogo mno, na mashine ikikwama haikuambii kwamba inakisia. Inaendelea tu, uso mkavu. Usibandike Kiteso cha mashine kwenye bango la Malaba kabla mtu anayekiongea nyumbani hajakisoma. Bango likisomeka vibaya, watakaochekwa ni wewe na mteja wako.

Kuna kazi moja ya saiba ambapo jambo hili ni zito zaidi: kijitabu cha mazishi. Familia inakuja imechoka, inataka wasifu wa marehemu uchapwe leo leo. AI itaandika ukurasa mzima kwa sekunde chache: alikuwa nguzo ya familia, mcha Mungu, mpenda watu. Halafu siku ya maziko wanasomewa mtu wasiyemjua. Kaa na familia dakika kumi kwanza. Alifanya kazi gani? Alipenda kusema nini? Nani alisoma kwa jasho lake? Andika majibu, ndipo uiachie mashine ipange aya na kurekebisha tahajia. Dakika hizo kumi ndizo unazolipwa.

Na usijifiche nyuma ya mashine ukisema "ni AI iliandika." Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba kwa kazi iliyotengenezwa na kompyuta, mwandishi ni yule mtu aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Yaani wewe uliyeketi pale na kuagiza. Ukitaka sifa za kazi hiyo, beba na lawama zake.

Hapo kwenye lawama ndipo mambo ya ofisini yanapoingia, kwa sababu mpakani kosa la karatasi lina bei. Chukua ofisi ya wakala wa forodha. Kila bidhaa ina namba yake ya HS, na namba hiyo ndiyo inayoamua ushuru. Tangu Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa bidhaa za kutoka nje una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35, ukiacha bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Ukiiuliza AI namba ya bidhaa fulani, itakupa moja bila kusita, hata kama imeibuni. Kosa hilo linaweza kuhamisha mzigo kutoka asilimia 10 hadi 25, au kuuacha kituoni hadi karatasi zirekebishwe. Dereva analala kwenye trela, mwenye mali anapiga simu kila saa, na leseni iliyo hatarini ni ya wakala.

Mpaka pia hubadilika usiku mmoja. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa, lakini kwa masharti mapya, likiwemo la cheti cha kuonyesha kiwango cha sumu hiyo. Mashine iliyofunzwa kwa maandishi ya mwaka uliopita ingekupa jibu safi kabisa, na lisingekusaidia chochote asubuhi ile. Aliyekuwa na maana ni yule aliyeinua simu akauliza watu wa forodha kuna nini leo.

Basi itumie pale inapoweza kukufaa. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ukiwa na bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani na haulipiwi ushuru wa forodha. Hata hivyo, cheti hicho hakifuti ukaguzi wa afya na viwango. Kuna akina mama ambao bado hupita njia za panya kwa sababu hakuna aliyewaeleza haya kwa lugha wanayoielewa. Kazi hiyo unaiweza. Mwombe afisa wa forodha orodha ya sasa, mpe AI maandishi hayo, iambie iyaeleze kwa sentensi fupi, hakiki tena na afisa, kisha rekodi kwa sauti yako na uwatumie kwenye kundi la chama. Kuhakiki si hiari, maana kikomo hicho kiliwahi kuwa dola 500 tu, na mashine inaweza kukupa cha zamani.

Sasa neno kwa mabosi. Bosi si lazima awe na kiti kinachozunguka. Ukiwa na saiba yenye vijana wawili, au wewe ni mwenyekiti wa steji ya boda, wewe ni kiongozi. Kishawishi chako kitakuwa hiki: kwa kuwa mashine inajaza fomu na kuandika barua, yule kijana mgeni ofisini anafaa nini? Mwachishe, uokoe mshahara.

Usifanye hivyo. Wengi wetu tusiomaliza chuo, na hata waliomaliza, tuliingia kazini kupitia hizo kazi ndogo ndogo. Ukiziondoa zote leo, kesho kutwa mkubwa wa ofisi akistaafu hutakuwa na mtu anayeweza kuona kosa la mashine. Mbadilishie kijana kazi: AI iandae rasimu, yeye aikague mstari kwa mstari dhidi ya ankara na orodha ya ushuru, nawe umuulize amepata makosa gani. Hivyo atajifunza forodha haraka kuliko alivyojifunza aliyemtangulia kwa kunakili tu.

Tena mashine yenyewe ina watu nyuma yake. Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilifichua kwamba vijana wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kutenga maandishi ya kutisha, ili ChatGPT ijifunze kutoyarudia. Kiongozi anayesema kazi imejifanya yenyewe hajauliza nani aliifanya.

Wiki hii, keti na watu wako dakika ishirini mkubaliane mambo manne, myaandike kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Kwanza, AI inaruhusiwa kwa kazi zipi, na anayeitumia aseme wazi, asitumie kwa kujificha. Pili, hakuna namba, tarehe wala jina linalotoka kwa mashine kwenda kwa mteja bila mtu kulihakiki. Tatu, kitambulisho cha mteja, PIN yake ya KRA na ankara zake haziingizwi kwenye programu hizi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuwajibisha wewe uliyekabidhiwa. Nne, muda utakaookolewa utumiwe kumfunza mtu, usigeuke mzigo mwingine juu ya mzigo.

Kama huna bosi wala ofisi, una simu tu na bando la jioni, karatasi hiyo ni yako vilevile. Anza na kazi moja unayoijua vizuri kuliko mashine. Iagize, ikosoe, iagize tena. Halafu weka jina lako chini, ukiwa tayari mtu akuulize, "Hii umeitoa wapi?" na uwe na jibu.