Kupunguza matiti: usiende na picha ya msanii

Wadau, mwaka 2023 Mloganzila walipotangaza huduma za upasuaji rekebishi, Bongo nzima ilishika neno moja tu: makalio. Vijiweni makalio, redioni makalio. Kwenye kelele hizo ikamezwa huduma nyingine, ya kupunguza matiti. Wengi wanaiona ni urembo wa watu wa Dar. Sawa, ila njoo huku Bariadi msimu wa pamba umwone mama mwenye matiti makubwa kupita kiasi. Anainama tangu asubuhi, mgongo unauma, kamba za sidiria zimemchimba mabega, na chini ya matiti ngozi imechubuka kwa jasho. Huyo urembo unamhusu nini?

Sasa tuseme nafasi imepatikana. Yabaki saizi gani? Hapo ndipo watu wanapochemsha. Dada anaenda na picha ya msanii kwenye simu, au anasema, "Dokta, nataka 34B." Jamani, ile herufi haipimi titi peke yake. Inatokana na tofauti kati ya mzunguko wa matiti na mzunguko wa kifua chini yake, ndiyo maana 34D na 36C ujazo wake ni karibu sawa. Halafu kila kiwanda kina vipimo vyake. Pekua sidiria za mtumba mnadani: hii imeandikwa 75, ile 34, na zote ni za kifua kile kile. Daktari mkweli hawezi kukuahidi herufi.

Yeye anaangalia upana wa kifua chako, mabega, uzito, ngozi, na zaidi ya yote damu ya chuchu. Kwa kawaida chuchu haitenganishwi na mwili. Inaachwa imeshikana na nyama inayoipelekea damu, kisha inapandishwa juu. Ukilazimisha matiti yawe madogo mno, nyama hiyo nayo inapungua, na chuchu inaweza kupoteza hisia au hata kufa. Kwa hiyo daktari akikataa kufika pale unapotaka, usidhani anakubania.

Kuna suala la kunyonyesha pia, na huku Usukumani si la kupuuza. Baada ya upasuaji wengine wananyonyesha vizuri tu, wengine maziwa yanapungua, na hakuna wa kukupa uhakika kabla. Mimba na kunenepa vinaweza kuyakuza tena. Binti ambaye matiti bado yanakua kwa kawaida anashauriwa asubiri. Makovu yapo, na kama kidonda chako huwa kinaacha kovu linalovimba, sema mapema.

Kwa hiyo ukifika Nyaumata kuomba rufaa, au ukishapanda basi la Mwanza kwenda Bugando, anza na kinachokuuma: siwezi kukimbia, silali vizuri, shingo inakaza nikibeba ndoo. Picha ya msanii haisemi kitu kuhusu hayo. Mwombe daktari akuonyeshe kwenye mwili wako mwenyewe chuchu itakaa wapi na makovu yatapita wapi.

Linalonisumbua zaidi ni bima. Marekani kampuni nyingi za bima hutumia jedwali la daktari Schnur la mwaka 1991, linalolinganisha ukubwa wa mwili na gramu za nyama iliyotolewa. Gramu zikipungua, wanasema ni urembo, jilipie. Mimi naona ni kipimo kibovu, maana mgonjwa anaweza kujikuta anakatwa zaidi ya alivyotaka ili bima ikubali. Sisi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Je, mama wa Itilima mwenye mabega yaliyochimbika atahesabiwa mgonjwa, au atawekwa fungu moja na watu wa makalio? Na nani akae mezani kuamua hilo? Nyie mnaonaje?