AI Haijawahi Kukanyaga Matope ya Syokimau

Ukuta wa sebule ya mathe una ufa unaotosha kidole. Tuko Syokimau, juu ya ule udongo mweusi mafundi wanaita black cotton. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka, na nyumba inafuata tu. Jamaa aliyetujengea hakupima kitu. Aliangalia vile jirani amejenga, akachimba vivyo hivyo, akatuambia, "Mama, usijali."

Sasa juzi naona video inavuma, ati AI itabashiri tabia ya ardhi kabla hujajenga, mainjinia wa udongo watafute kazi ingine. Wasee, tulieni kwanza.

Hiyo kitu inafanya kazi hivi. Unalisha kompyuta vipimo vya mashimo mengi yaliyotobolewa: aina ya udongo, unyevu, kina, na hesabu ya nyundo. Nyundo ya kilo 63.5 inaangushwa kutoka milimita 760, na unahesabu imegonga mara ngapi ndio bomba lizame milimita 300. (Ndiyo, mambo ya ghorofa yanaanza na kuhesabu mapigo ya nyundo. Mimi pia nilicheka.) Halafu unaionyesha yaliyotokea: jengo lilizama kiasi gani, mteremko uliporomoka ama ulisimama. Inatafuta uhusiano, ndio ukiipa shimo jipya ikisie. Nakubali inaweza kusaidia sana, maana udongo una vituko vingi kuliko fomula moja.

Lakini inajua tu kile imeonyeshwa. Ifundishe na mchanga na matope laini ya Uholanzi, uilete huku kwetu, na bado itakupa jibu lenye desimali mbili, bila aibu. Na kuna mdosi mahali ataona hilo jibu aseme basi, kutoboa mashimo ni kupoteza pesa.

Kumbuka Machi 2018, ardhi ilipasuka karibu na Mai Mahiu ikakata barabara ya Narok. Wengine wakasema Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengine wakasema ni mvua imeosha majivu ya volkeno yaliyokuwa yamejaza ufa wa zamani. Kama wataalamu walibishana hivyo na shimo liko wazi mbele yao, kompyuta isiyo na data ya huko ingetoa jibu wapi?

Beef yangu ni hiyo data. Ripoti ya udongo hapa inalipiwa, inaingia kwa faili, inakufa. Jirani akijenga anatoboa upya, ama hatoboi kabisa. British Geological Survey kule Uingereza wana rekodi zaidi ya milioni moja za mashimo, na nyingi unazifungua mtandaoni bure. Kaunti zetu zingesema hakuna kibali cha kujenga mpaka ripoti yako iingie kwa ramani moja ya wazi, jina la mwenye ploti likiwa limefutwa. Utaniambia ripoti ni mali ya aliyelipa. Sawa, lakini udongo haujui bikoni zako ziko wapi. Wanafunzi wetu wa uinjinia wangekuwa na kitu cha kufundishia mashine ijue udongo wa hapa. Na hata kabla ya mashine, mathe angefungua simu aone jirani alipata mwamba mita ngapi chini.

Wiki ijayo kuna mtu anakuja kututobolea mashimo mawili nje ya nyumba. Nikipata ripoti naiweka hapa yote, kina, unyevu na nyundo. Kama yako ya Syokimau, Mlolongo ama Athi River imelala kwa droo, nitumie.