Kompyuta ya Kwanza: Ipozwe kwa Hewa au kwa Maji?

Siku hizi si jambo geni kumkuta mwanafunzi wa sekondari, au mwalimu wake, akikusanya vipande vya kompyuta kimoja kimoja ili aiunge mwenyewe nyumbani. Juhudi hiyo yastahili kupongezwa, maana mtu aungaye chombo kwa mikono yake hukielewa kuliko yule akinunuaye kikiwa tayari. Lakini katika kuchagua vipande huzuka swali liwagawalo vijana: je, prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, ipozwe kwa hewa au kwa maji? Wengi huyakimbilia maji, wakiamini kwamba ndiyo njia ya kisasa. Kwa maoni yangu, anayeunga kompyuta kwa mara ya kwanza afadhali achague hewa, na sababu zake zimo katika somo la fizikia tunalolifundisha kila mwaka.

Kwanza yafaa tujue joto latoka wapi. Umeme uingiao katika prosesa karibu wote huishia kuwa joto. Prosesa ya kawaida ya kompyuta ya mezani hutumia wati 65 hivi. Zile kubwa huweza kupita wati 200 zinapofanya kazi nzito. Joto hilo hutoka katika kipande cha silikoni kisichozidi sana ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Lisipoondolewa, prosesa hufikia nyuzi 95 au 100 za sentigredi, nayo hujipunguzia mwendo ili isiungue, na hatimaye hujizima.

Kipozeo cha hewa ni mapezi mengi membamba ya alumini pamoja na feni. Vilivyo bora vina pia mabomba ya shaba yaliyozibwa, ambayo ndani yake mna maji kidogo sana. Maji hayo hugeuka mvuke upande wa prosesa, hupanda hadi kwenye mapezi, hupoa na kuwa maji tena, kisha hurudi yalikotoka bila pampu yoyote. Bomba la namna hiyo lilitengenezwa na George Grover na wenzake huko Los Alamos, Marekani, mwaka 1963. Kipozeo cha maji, kwa upande wake, kina pampu, mipira miwili, na rejeta yenye feni zake, mfano wa ile ya gari.

Sasa na tupige hesabu. Tuseme prosesa yatoa wati 100, yaani jouli 100 kila sekunde, nasi twataka kinachobeba joto hilo kisipate moto zaidi ya nyuzi 10. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,180 hivi ili ipande uzijoto mmoja. Basi yatosha kupitisha mililita 2.4 za maji kwa sekunde, yaani nusu tu ya kijiko cha chai. Hewa, ambayo mita moja ya ujazo huhitaji jouli 1,200 hivi kwa kila uzijoto, itabidi ipite lita 8 na zaidi kwa sekunde. Hapo ndipo wapenzi wa maji hushangilia. Lakini swali la kuwauliza ni hili: maji yale yakishafika kwenye rejeta, joto hulikabidhi nani? Hulikabidhi hewa ya chumbani, na lita zile zile 8 za hewa zitahitajika. Maji ni mchukuzi tu. Mpokeaji wa mwisho ni hewa. Ndiyo maana katika chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32, hakuna rejeta wala feni iwezayo kuipoza prosesa chini ya nyuzi hizo 32.

Aidha, tufikirie siku ya kuharibika. Feni ikisimama, mwanafunzi huiona kwa macho, huifungua kwa bisibisi, na kutia nyingine ya bei nafuu. Na wakati huo mapezi bado hupunguza joto kiasi. Pampu ikisimama, maji hubaki palepale yakizidi kupata moto, na joto hupanda upesi. Mipira nayo hupoteza maji kidogo kidogo kwa miaka, na vipozeo vingi vya kununuliwa vimezibwa visifunguliwe, hata ikabidi kununua kipya kizima. Ikiwa maji yatavuja juu ya bodi kuu, hasara huweza kuwa ya mashine nzima, ambayo pengine ni akiba ya familia ya mwaka mzima.

Sisemi kwamba maji hayana mahali pake. Kompyuta kubwa ya Cray-2, iliyotolewa mwaka 1985, ilizamishwa ndani ya kiowevu kisichopitisha umeme, kwa kuwa hewa haikutosha. Hata nyumbani, mwenye prosesa ya wati 200 na zaidi ifanyayo kazi nzito kwa saa nyingi atapata faida kwa rejeta kubwa. Kadhalika, vipozeo vikubwa vya hewa huzidi kilo moja kwa uzito, na si salama kusafirisha kompyuta navyo katika barabara mbovu bila kuving'oa kwanza. Lakini hayo si mahitaji ya anayeanza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nunua kipozeo cha hewa cha wastani, na fedha itakayobaki uitumie kwa kifaa cha kuilinda kompyuta dhidi ya umeme upandao na kushuka. Paka kiasi kidogo cha mafuta mazito ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, acha njia ya hewa kuingia na kutoka, na usafishe vumbi kila baada ya miezi michache. Kisha pima joto, uandike katika daftari, ulinganishe asubuhi na mchana. Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Atakayeijua hewa vizuri atayafikia maji baadaye, akiwa na sababu.