Kudanganya watu si kipimo cha akili ya mashine

Mzee mmoja jirani yangu hapa Kisauni alikuwa na swali kuhusu shamba la marehemu babake lililoko Kilifi. Mjukuu wake akachukua simu, akaliandika swali lile kwenye programu ya gumzo, na baada ya sekunde chache jibu likaja: Kiswahili safi, adabu tele, hata nambari ya kifungu cha sheria ikatajwa. Mzee akafurahi. "Huyu anajua kuliko mawakili wa mjini," akasema. Alipofika kwa wakili, aliambiwa kifungu kile hakipo.

Kilichonigusa ni lile neno "huyu". Mzee hakusema "hii". Kwake yeye, nyuma ya kioo cha simu palikuwa na mtu aliyesoma. Ndipo nikajiuliza swali ambalo wataalamu wamelijadili miaka mingi: je, mashine ikifaulu kumfanya mtu aamini kwamba anazungumza na binadamu, imeonyesha akili ya kweli?

Mwaka wa 1950, mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alipendekeza mchezo. Jaji aandikiane na pande mbili asizoziona, moja mtu na nyingine mashine, kisha aamue yupi ni yupi. Turing alikisia kwamba ndani ya miaka 50 hivi, baada ya dakika tano za maswali, jaji wa kawaida angekosea angalau mara tatu katika kila kumi.

Mashine ya kwanza kuwapumbaza watu haikuchelewa. Mwaka wa 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT nchini Marekani alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Kazi yake ilikuwa nyepesi mno: kuyachukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Ukimwambia una huzuni, anakuuliza kwa nini una huzuni. Ukimtaja mamako, anataka kusikia zaidi kuhusu jamaa zako. Haikuelewa hata neno moja. Hata hivyo katibu wa Weizenbaum, ambaye alijua vyema kuwa ile ni programu tu, alimwomba mkubwa wake atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Weizenbaum alishtuka, na baadaye akawa miongoni mwa waliotahadharisha watu dhidi ya kuziamini kompyuta kupita kiasi.

Juni 2014, katika jengo la Royal Society mjini London, programu iitwayo Eugene Goostman iliwashawishi asilimia 33 ya majaji kuwa ni mtu. Magazeti yakatangaza kwamba kipimo cha Turing kimevukwa. Lakini ilivukaje? Ilijifanya mvulana wa miaka 13 kutoka Odessa, Ukraine, ambaye Kiingereza si lugha yake. Ikikosea, majaji wanasema ni mtoto. Ikitoa jibu lisiloeleweka, wanasema ni mgeni. Huo ni ujanja wa waliomuunda huyo Eugene, wala hauhusiani na akili ya programu yenyewe.

Mwaka wa 2025, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitoa matokeo mazito zaidi. Programu ya GPT-4.5, ilipoagizwa kujifanya kijana wa aina fulani, ilichaguliwa kuwa ndiyo mtu katika asilimia 73 ya mazungumzo ya dakika tano, kuliko hata binadamu halisi aliyekuwa upande wa pili. Ilipoondolewa maagizo hayo, ikashuka hadi asilimia 36. Na hapa pana jambo la kutafakari. Katika jaribio hilo hilo ELIZA, ile ya miaka ya sitini, ilipata asilimia 23, huku GPT-4o ya juzi juzi ikipata 21. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema ELIZA ni werevu kuliko GPT-4o. Basi kipimo hiki kinapima nini?

Kwa maoni yangu, kinatupima sisi. Kinapima jinsi tunavyoamini upesi tukisikia maneno yaliyopangika. Hapa Kenya hatuhitaji kufunzwa hilo. Ni wangapi wametumiwa ujumbe wa M-Pesa wa uongo, kisha wakapigiwa simu na sauti ya unyenyekevu ikiwasihi warudishe pesa "zilizotumwa kimakosa"? Maneno machache tu, na mshahara wa mwezi umekwenda. Hakuna anayesema ujumbe ule una akili.

Wapo watakaonipinga: hata binadamu tunamjua kuwa na akili kwa kumsikiliza, mbona tuinyime mashine haki hiyo? Hoja hiyo ina uzito, na Turing mwenyewe aliitumia. Lakini fundi wa jahazi hatumwamini kwa maneno yake. Tunamwamini kwa sababu chombo chake kimetoka baharini kikarudi, na kikivuja tunajua nyumbani kwake. Programu iliyompa mzee wangu kifungu cha uongo haikupoteza chochote.

Sisemi kwamba mashine hizi ni bure. Mwaka wa 2016, AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol katika mchezo wa Go, michezo minne kwa mmoja. Mwaka wa 2024, mifumo ya Google DeepMind ilitatua maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati kwa kiwango cha medali ya fedha. Katika visa hivyo hakuna aliyedanganywa, kila mtu alijua ni mashine. Kazi ilionekana na ikakaguliwa. Kama tunatafuta dalili za akili, tuzitafute huko.

Tukumbuke pia kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Januari 2023, jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi machafu ili ChatGPT isiyatapike. Sehemu ya ule upole unaotuvutia ni jasho la vijana wetu, na wengine walisema kazi ile iliwaachia majeraha ya moyo.

Kwa hivyo, msomaji wangu, hoja isiwe tena kama mashine inaongea kama mtu, kwa maana hilo limekwisha. Tuulize: likikosewa jambo, nani atawajibika? Wanaotuletea huduma hizi, ziwe za benki, hospitali au serikali, walazimishwe kusema wazi kwamba anayejibu ni mashine, na waweke mtu wa kuulizwa. Nasi majumbani tuwafunze wazee wetu na watoto wetu jambo moja: jibu la shamba, la dawa au la pesa halifanyiwi kazi mpaka lipite kwa mtu mwenye jina na afisi.

Mzee wangu bado anaitumia ile programu. Ila siku hizi akishasomewa jibu, humuuliza mjukuu wake, "Na huyu tukimtaka kortini, tutampata wapi?"