Chanjo ya mafua na haki ya mgonjwa wa nyumbani



Kila mwaka kabla ya majira ya baridi, ndugu zetu waishio Uingereza hupokea kutoka shuleni barua ya kuomba idhini ya kuwachanja watoto dhidi ya homa ya mafua. Wapo wanaoikataa, kwani chanjo ipulizwayo puani ina jelatini itokanayo na nguruwe. Kujihadhari na haramu ni dalili ya imani, wala hatuwabezi. Lakini huenda katika nyumba hiyo hiyo yumo bibi anayetibiwa saratani, au baba aliyepandikizwa figo, ambaye hata akichanjwa mwenyewe kinga yake huwa hafifu. Mtoto hurudi na virusi kutoka darasani, akapiga chafya siku mbili tatu na kuendelea kucheza. Mzee akaishia kulazwa kwa kichomi.

Wanazuoni waliokutana Kuwait mwaka 1995 waliona kwamba jelatini iliyokwisha kugeuka asili yake ni tohara. Asiyeridhika na rai hiyo bado hana udhuru, maana ipo chanjo ya sindano isiyo na jelatini. Ni ya kuombwa tu. Tena palipo na mgonjwa aliyepungukiwa mno na kinga, kama aliyepandikizwa uboho karibuni, sindano ndiyo ifaayo, kwa kuwa ile ya puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Mzazi ambaye barua hiyo ingali mezani kwake, na amweleze muuguzi wa shule hali ya mgonjwa wake, kisha aulize sindano hutolewa siku gani.

Wabillahi tawfiq.