Hirola naye anastahili gemu yake

Kijana wa Garissa anayecheza Crash Bandicoot kwa mara ya kwanza hufa haraka. Anaruka, anatumbukia shimoni, anaanza upya. Muda si muda vidole vinazoea: ruka, zunguka, vunja makasha, okota matunda. Gemu hiyo ya mwaka 1996, kazi ya kampuni ya Naughty Dog ya Marekani, bado inanasa.

Shujaa wake ni bandicoot, mnyama mdogo wa Australia. Katika jimbo la Victoria, bandicoot mwenye milia alitoweka porini. Wataalamu wakamzalisha, wakamlinda kwa uzio unaozuia mbweha, na mwaka 2021 akaondolewa kwenye orodha ya waliotoweka porini.

Mkasa huo una ndugu yake huku Kenya, eneo la Ijara katika Kaunti ya Garissa. Hirola, swala anayekadiriwa kubaki chini ya 500 duniani, ana eneo lenye uzio wa kuwazuia wanyama wala nyama katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini tangu 2012.

Kwa nini basi mtoto wa huku amwokoe bandicoot tu?

Malighafi ya gemu imejaa tele. Swala twiga husimama kwa miguu ya nyuma kufikia majani ya mgunga; hiyo ni mbinu iliyokwisha kubuniwa. Ukame, mafuriko ya Mto Tana na majangili ni vikwazo visivyohitaji kutungwa. Kaunti ya Garissa ianze na shindano la waunda programu vijana, hatua ya kwanza ichorwe Ishaqbini, na wachungaji wa Ijara walipwe kama washauri.